Kabla Hujasema SHA Ifutwe, Uliza Nani Amefungiwa Nje



Kijana, pita maskani yoyote leo, iwe Majengo, Kisauni, Eastleigh au Garissa mjini, mada ya SHA haikosi. Mmoja atakwambia ifutwe, irudi NHIF. Mwengine atasema serikali iachwe ifanye kazi. Sauti zinapanda, chai inapoa, na kila mtu anarudi kwake bila kujua sheria yenyewe inasema nini. Leo tuzungumze taratibu.

Tuanze na historia, kwa ufupi. NHIF ilianzishwa mwaka 1966, na sheria iliyokuwa ikiiendesha ilikuwa ya 1998. Oktoba 2023, Rais Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, na sheria hiyo ndiyo iliyoifuta ile ya zamani. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema sheria ya bima ifutwe, jua kwamba tulishafutiwa moja tayari. Swali ni je, wewe uliulizwa?

Mahakama Kuu ilijibu. Tarehe 12 Julai 2024, majaji watatu walisema sheria hiyo na nyengine mbili za afya zinakwenda kinyume na Katiba, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakatoa siku 120 zirekebishwe. Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi ule, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza kazi. Wakati mawakili wanavutana, mgonjwa wa figo aliyepangiwa kusafishwa damu wiki ile hakuwa na siku 120 za kusubiri. Vita vya sheria vikipiganwa bila mpango, anayeumia wa kwanza ni aliye kitandani.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi tunaposhikana mashati. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Zamani, hata ukilipwa laki tano, NHIF haikukata zaidi ya shilingi 1,700. Sasa mwenye kingi anatoa kingi. Ukweli usemwe, hilo si dhulma. Asiyeajiriwa naye kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, pungufu ya zile 500 za NHIF.

Mbona basi watu wetu wanalia? Kwa sababu asiyeajiriwa anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Huyo wa kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600 mara moja. Kijana wa boda hapati pesa kwa mwaka, anapata kwa siku. Mama wa viazi karai, mvuvi wa Lamu, mchukuzi wa bandarini, wote hesabu yao ni ya jioni. Na hata hizo 300 si za kila mtu. Unaulizwa maswali kuhusu nyumba unayolala, choo unachotumia, vitu ulivyo navyo, kisha mtambo unakupangia cha kulipa. Wengi wamelalamika kwamba wamepangiwa kiwango wasichokiweza, na wakiuliza kimefikiwaje hawapati jibu la kueleweka.

Haya yote yanajadiliwa kwenye redio na bungeni. Lakini kuna jambo moja halitajwi sana, na hilo linatuhusu sisi hasa.

Mtu mzima akitaka kujisajili SHA, kwa simu au kwa wakala, kitu cha kwanza anachoulizwa ni nambari ya kitambulisho. Sasa jiulize ni nani nchi hii asiyekuwa na kitambulisho? Unamjua. Ni jirani yako Mnubi wa Kibra. Ni binamu yako wa Mandera au Wajir. Ni yule kijana wa Pwani ambaye jina lake peke yake lilitosha kumpeleka mbele ya kamati ya wazee, aulizwe karatasi za babu yake, huku mwenzake wa mtaa wa pili akichukua kitambulisho bila maswali hayo. Na wako maelfu ya Wakenya wa kaskazini ambao alama zao za vidole zilionekana kwenye daftari la wakimbizi. Njaa na ukame viliwasukuma kambini kutafuta chakula, na tangu hapo wakawa wageni kwao.

Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa ule umeondolewa. Tulishukuru. Lakini tangazo la jukwaani si kitambulisho mkononi. Na mtu anayesubiri kitambulisho leo, anasubiri na bima pia.

Na sheria ilitaka kwenda mbali zaidi. Ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba ni lazima uonyeshe umejisajili na unachangia ndipo upewe huduma nyengine za serikali. Fikiria hiyo duara: huna kitambulisho, huna SHA, na kwa sababu huna SHA huna huduma nyengine yoyote. Mahakama ilikikataa kifungu hicho, na hiyo ni faida ya Wakenya waliokwenda kortini badala ya kunung'unika barazani.

Sasa, wapo wanasiasa wanaoahidi kwamba wakiingia madarakani wataifuta SHA. Waulize, halafu? NHIF ilipokufa iliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali, na visa vya wizi vilikuwa vinajulikana. Na hiyo NHIF pia iliulizia kitambulisho. Ukifuta sheria mbovu ukarudisha mlango ule ule uliofungwa, aliyekuwa nje anabaki nje.

Kwa upande wa pili, wapo wanaotaka tunyamaze. Machi 2025 Wizara ya Afya ilipewa Aden Duale, mtu wa Garissa, Muislamu mwenzetu, na wengine wanaona kumhoji ni kujivunjia heshima. La hasha. Uongozi ni amana, na amana huulizwa. Mwezi huo huo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba mtambo wa SHA wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali. Hilo ni swali la kila Mkenya, na dini ya waziri haiwezi kulijibu. Atakayemtukana kwa sababu ya jina lake tutamkanya. Lakini naye hatutamuonea haya kwa sababu ya jina hilo hilo.

Tunataka mambo matatu. Asiye na kitambulisho apate njia ya kusajiliwa na kutibiwa huku kesi yake ikishughulikiwa. Mlipaji wa jua kali aruhusiwe kulipa kadiri anavyopata, bila mkopo na bila riba. Na kila anayepangiwa kiwango aonyeshwe hesabu yake na mahali pa kukata rufaa. Haya yanawezekana iwe sheria itabaki, itarekebishwa au itafutwa.

Na wewe je? Kama una kitambulisho, jisajili leo kwa *147#, uwasajili na wazee nyumbani. Matibabu ya zahanati na vituo vya afya vya serikali hayahitaji uwe umelipa, yanahitaji usajili tu. Ujue pia kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, awe na kadi au asiwe nayo. Kikifika kikao cha maoni ya wananchi, nenda. Usiende kupiga picha, nenda na maandishi yako. Na ukimjua aliyenyimwa kitambulisho, mlete ofisini kwetu na karatasi alizonazo, hata kama ni kadi ya kliniki tu.

Kelele za kufuta na kutofuta zitapita. Yule aliye nje ya mlango atakuwa bado yuko pale. Tumfungulie.

Wabillahi tawfiq.