"Knave" alikuwa mtoto tu

Jamani wana-ualimu, leo tuongee maneno. Kiingereza cha zamani kina majina kibao ya vijana watukutu: rascal, scamp, urchin, imp, knave. Siku hizi yanachekesha tu, ila asili yake haichekeshi. "Urchin" alikuwa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. "Imp" lilikuwa chipukizi la mmea, kisha mtoto, mwisho kishetani. Na "knave"? Mvulana, basi! Baadaye likawa mtumishi, halafu laghai.

Mmeona mambo hayo? Mvulana ni yule yule, macho ya wakubwa ndiyo yaliyobadilika. Mtoto wa kutumwa, asiye na cheo, akaonekana mwizi hata kabla hajaiba.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema kumwita mwanafunzi "mhuni" ni utani. Karibu tutaenda mazoezi ya kufundisha. Mtoto akikosea, mkanye kwa kosa lake, kisha mwite kwa jina lake. Sisi nasi tunawaita vijana chipukizi, na neno letu bado ni la heshima. Tusilichafue.

Au nyie mnaonaje?