Mashindano ya Bao Yaanze na Kanuni



Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, wala halitegemei bahati: ashindwaye ameshindwa na akili ya mwenzake. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliupenda mchezo huu. Basi tukiandaa mashindano hapa Kang'ata, tusitangulize zawadi. Kwanza tukubaliane kanuni kabla ya kete ya kwanza, hasa za kutakata na za nyumba, maana hapo ndipo ugomvi huzuka. Pili, mwamuzi asiwe jamaa ya mchezaji. Tatu, watazamaji wanyamaze. Kumnong'oneza mchezaji barazani ni utani, mashindanoni ni wizi. Mzee aliyeshindwa na kijana kwa haki atampa mkono. Aliyedhulumiwa ataondoka na kinyongo, nacho hudumu kuliko kombe.