Hiyo Namba ya Kalori Isikupangie Chakula

Madem wa Kitale na Bungoma, leo tuongee ukweli. Mwezi uliopita niliweka video nikikimbia barabara ya kwenda Kiminini. Saa ya mkononi ikasema nimechoma kalori 480, na mimi nikawaambia mpange sahani zenu kulingana na namba hiyo. Cuzo wangu alinisikiza. Wiki mbili nzima akaruka chakula cha mchana, ati saa inasema hajachoma ya kutosha. Akazimia stage akingoja matatu ya Bungoma. Amepona, lakini video ilikuwa yangu.

Ndio nikaanza kuuliza hii namba hutoka wapi. (Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kuzidisha bado najua.) Programu nyingi hutumia hesabu moja: ugumu wa zoezi mara kilo zako mara masaa. Kutembea kawaida hupewa 3.5, kwa hivyo dem wa kilo 60 akitembea saa moja anaambiwa 210. Shida ni kwamba kipimo cha mwili uliopumzika, chenye hesabu hiyo imesimamia, kilitolewa kwa mwanaume mmoja wa miaka 40, kilo 70. Mmoja! Saa nazo huongeza mapigo ya moyo, umri na jinsia, lakini bado zinakisia. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu saa saba. Kwa kalori, ile bora ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, ile mbaya 93.

Na kuna hii ya nyumbani. Mwaka 1986, Maloiy na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti juu ya wanawake Waluo na Wakikuyu hapa Kenya. Waliwapima oksijeni wakitembea na mizigo, Waluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba ya kwenye paji la uso. Mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, hawakutumia nguvu yoyote ya ziada. Yaani mama wa kilo 60 na mzigo wa kilo 12, ni kama hajabeba kitu. Hesabu ya mara kilo mara masaa ingemwongezea kalori na ingekosea.

Nilipoenda Bungoma nikamvalisha kukhu saa yangu akienda kuteka maji. Mkono umeshika ndoo kichwani, hauchezi, kwa hivyo saa ikahesabu hatua chache kuliko zangu, na tulitembea pamoja! Kukhu akaniuliza kama hiyo kitu inajua hata kwamba amebeba maji.

Sisemi mtupe saa. Linganisha wiki yako na wiki yako, hapo inasaidia kidogo. Kukata chakula kwa sababu yake, aki hapana, na mimi ndiye nilianza huo ujinga.

Ile video nimeitoa. Cuzo jana alikula chapati tatu na maharagwe, saa ikiwa kwa droo.