Wingu la intaneti lilipokwama: mafundi wa ordinatere wa Kivu na Ituri wajifunze nini?

Tarehe 20 mwezi wa kumi 2025, karibu saa tatu ya asubuhi kwa saa ya Goma na Bunia, sehemu kubwa ya intaneti ya dunia ilianza kusumbua. Snapchat haikufunguka. Signal, ambayo watu wengi wanaitumia kwa mazungumzo ya siri, ilikwama. Duolingo pia, mchezo wa Fortnite pia, hata wateja wa mabenki fulani ya Uingereza hawakuweza kuona akaunti zao.

Huku Kongo, mtu akiona simu imekwama anasema kwanza: "Rezo imeenda." Lakini siku ile shida ilitoka mbali, katika vituo vya kampuni Amazon kule Virginia, Marekani. Chanzo chake kinafaa kueleweka na kila kijana anayejifunza kazi ya ordinatere, hata kama hajawahi kulipa Amazon dola moja.

Wingu lina mwenyewe

Watu wanasema faili ziko "mu wingu" kama vile zinaelea hewani. Sivyo. Ziko ndani ya mashini za mtu, katika nyumba kubwa zenye kura na baridi ya kutosha, na mwenye nyumba anakodisha nafasi. Amazon, Microsoft na Google njo wakubwa wa biashara hiyo. Hapa Afrika, vituo vyao vikubwa viko Afrika ya Kusini: Microsoft ilifungua mwaka 2019, Amazon 2020, Google 2024. Kongo haina hata kimoja.

Kilichokwama Virginia kinaitwa DynamoDB. Ni hifadhidata, ile wanafunzi wanaita baze ya done: daftari kubwa ambamo programu nyingi zinaandika na kusoma nani amelipa, nani ameingia, ujumbe gani umefika.

Daftari lenyewe halikuungua. Kilichopotea ni anwani yake. Katika intaneti kila huduma ina jina, na mfumo unaoitwa DNS unageuza jina hilo kuwa namba ya mashini. Amazon iliachia kazi hiyo programu zinazojiendesha zenyewe. Mbili kati yake zilishika kazi moja kwa wakati mmoja. Moja ilichelewa, ikaandika mpango wa zamani juu ya mpango mpya. Kisha programu ya usafi ikaona mpango ule ni wa zamani, ikaufuta. Jina likabaki bila namba hata moja.

Ni kama kituo cha afya kiko pale pale na waganga wako ndani, lakini vibao vyote vya njia vimeng'olewa. DynamoDB ilirudi kisha karibu masaa matatu, lakini huduma zingine zilizoitegemea zilihitaji zaidi ya masaa 14 mpaka yote kutulia.

Hasara inaangukia nani?

Fundi wa Butembo, Uvira ao Bunia anaweza leo kutengenezea koperative ya kahawa ao kikundi cha AVEC daftari la namna hii, akalikodishia nafasi ng'ambo. Siku mama aliyeweka akiba kila juma anakuja kudai makuta yake na skrini iko nyeupe, hatauliza habari za Virginia. Atamuuliza fundi.

Tena huku kuna mambo ambayo masomo mengi ya video hayasemi. Kukodisha nafasi kunalipwa mara nyingi kwa dola na karte ya benki. Mwanzoni mwa 2025, kisha AFC/M23 kuteka Goma na Bukavu, mabenki ya miji hiyo yalifunga milango. Aliyezoea kwenda gishe kuweka dola kwenye karte yake akakosa njia. Bili isipolipwa, huduma inaweza kusimamishwa, hata kama mashini za ng'ambo ziko nzima kabisa.

Kuna pia sheria. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, Kongo iko na Kodi ya Dijitali, ambayo inaweka masharti juu ya habari za watu binafsi. Anayeweka majina ya wagonjwa ao wanafunzi mu wingu anapaswa kujua yanalala inchi gani na nani anaweza kuyasoma.

Diploma haitoshi miaka kumi

Kazi hii inabadilika haraka. PostgreSQL, hifadhidata ya bure inayotumiwa dunia nzima, inatoa toleo kubwa jipya kila mwaka, na kila toleo linatunzwa miaka mitano tu. Toleo la 13 lilifika mwisho wake mwezi wa kumi na moja 2025. MySQL 8.0 nayo iliwekewa mwisho mwezi wa ine 2026. Anayeendelea kutumia toleo lililoachwa hapati tena marekebisho ya usalama. Hata vyeti vinazeeka: vya Amazon vinadumu miaka mitatu, na vingi vya Microsoft vinapaswa kufanywa upya kila mwaka, ingawa kuvifanya upya ni bure.

Lakini si vyote vinabadilika. SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ilianza miaka ya 1970 na ingali inafanya kazi. Namna jina linavyogeuka kuwa namba haijabadilika sana pia. Kijana aliyejifunza tu kubonyeza vitufe vya kampuni moja anabaki mikono mitupu siku kampuni inabadilisha vitufe ao bei. Aliyeshika misingi anahama bila kuanza upya.

Na misingi hiyo haiombi konexio kila siku. PostgreSQL inawekwa kwenye ordinatere ya kawaida, na kitabu chake cha maelezo kinapakuliwa mara moja, kinasomwa bila megabaiti. Saa mbili kila juma, wakati kura iko, zinatosha kwa zoezi moja: kutengeneza daftari dogo, kulichukulia kopi kwenye diski ya nje, kulifuta kabisa, kisha kulirudisha kutoka ile kopi. Mara ya kwanza wengi wanashindwa. Afazali kushindwa nyumbani kuliko mbele ya wanachama.

Vyama na mashule nayo yana swali la kumuuliza fundi mbele ya kumlipa: "Intaneti ikikatika siku tatu, tutasoma wapi majina na deni?" Kama jibu ni "mu wingu" tu, kazi bado haijaisha. Diski moja iliyofungiwa ofisini, na karatasi ya hesabu inayochapishwa kila mwisho wa juma, vinagharimu kidogo kuliko kupoteza imani ya watu.