KUCHORA PORINI: NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo ambalo wengine hulihesabu kuwa mchezo wa watoto tu, nalo ni kuchora na kutia rangi nje, mbele ya kitu chenyewe kinachochorwa. Sisi twaliona kuwa ni fundisho, tena fundisho lisilo na gharama kubwa. Twalitaja hasa kwa ajili ya nyumba na shule za Kagerankanda, na za nchi yote ya juu ya Kasulu na Kibondo, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Mwambie mtoto aketi darasani achore mti. Atachora nguzo ya rangi ya udongo, na juu yake wingu la kijani. Basi mchukue mtoto yuyo huyo mwezi wa Septemba, mvua ikiwa karibu, umketishe mbele ya mtundu uliochipua majani mapya, umwambie, "Chora ukionacho." Atashika rangi ya kijani kwa mazoea, kisha atasita, kwa kuwa majani yale si ya kijani. Miti mingi ya miombo hutoa majani mekundu kama shaba kabla ya mvua kuanza, nayo hugeuka kijani baadaye. Mtoto amepita chini ya miti hiyo kila mwaka tangu alipobebwa mgongoni, na huenda hakupata kuliangalia jambo hili hata siku moja. Macho alikuwa nayo. Aliyakosea kazi tu.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza. Mkono hauwezi kuchora lile ambalo jicho halijauliza. Mwenye kuuchora mninga hana budi kuuliza: Gome lake limepasuka namna gani? Tunda lake la mviringo, lenye singa kali katikati na ubawa mwembamba pande zote, laning'inia wapi? Utomvu wake mwekundu, mfano wa damu, umeganda mahali gani palipopigwa panga? Mtu akiuliza hivi kwa muda wa saa moja, mti ule hautakuwa tena mti wowote tu. Umekuwa mti anaoujua.

Wako waliotangulia katika njia hii. Bibi Joy Adamson, ambaye wengi wamjua kwa habari za simba wake Elsa, alifika Kenya mwaka 1937, na kabla ya habari za simba huyo alikuwa mchoraji wa maua. Alisafiri milimani na nyikani akayatafuta maua yanakoota, kwa kuwa ua likichumwa hunyauka upesi na rangi yake hugeuka. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi. Na Bwana Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu chini ya Kilimanjaro mwaka 1932 na kusoma Makerere, alipamba ukuta wa kanisa la Murang'a, Kenya, kwa picha tano za maisha ya Bwana wetu, akazimaliza mwaka 1959. Watu wa picha zile ni Waafrika, na nchi yao ni nchi ya Kiafrika. Wala mtu hawezi kuitia nchi yake katika picha ya namna hiyo asipokwisha kuitazama kwanza.

Sasa tuseme kwa nini twawataja watu wa Kagerankanda. Nchi yao yapakana na msitu wa hifadhi wa Makere. Mkulima atafuta shamba, mfugaji atafuta malisho, mwingine atafuta mbao au mkaa. Hifadhi nayo ina sheria zake, na ugomvi wa mipaka si jambo la jana. Tena tangu mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanaohitaji kuni pande hizo wamezidi sana. Katika mashauri hayo yote msitu hutajwa kwa hesabu: hekta kadha, magunia kadha, mizigo kadha. Mtoto asikilizaye hujifunza bei ya mti kabla ya kujifunza sura yake. Na asiyekijua kitu hukihesabu kwa bei yake tu.

Hatusemi kwamba picha ya mtoto itazuia shoka au moto. Mwenye njaa hashibi kwa kutazama majani mekundu, wala si haki kumlaumu. Lakini mtoto wa leo ndiye atakayeketi katika mkutano wa kijiji kesho, na siku ile yafaa awepo mtu wa kusema ni kitu gani kilichopo pale kabla hakijagawanywa. Aliyekwisha kuchora ua la mtundu, na nyuki juu yake, ajua asali ya nyumbani mwao yatoka wapi. Naye akiona mti uliochunwa gome kuuzunguka ili kutengeneza mzinga, atafahamu kwamba mti ule utakufa, na kwamba mzinga umepatikana kwa kuwanyima nyuki chakula chao.

Mwalimu atauliza, "Rangi tutapata wapi?" Zile za dukani zikikosekana, mkaa uko jikoni, na udongo mwekundu na mweupe uko kando ya njia, wapondeni, wachungeni, mchanganye na maji na utomvu kidogo wa mti ili rangi ishike. Watu wa kale wa Kondoa walichora twiga na wanyama wengine juu ya miamba kwa rangi nyekundu ya ardhi, na picha zao zingaliko, hata mwaka 2006 UNESCO ikaziandika katika urithi wa dunia. Karatasi ikiwa haba, kipande cha boksi chatosha.

Na utaratibu uwe huu. Watoto waende wachache, pamoja na mtu mzima, mahali wanaporuhusiwa kuingia, jua likiwa limepungua ukali. Kila mmoja achague kitu kimoja, akitazame kwanza bila kushika kalamu, kwa muda wa kutosha. Asivunje tawi wala kubandua gome. Ajongee yeye, mti ukae. Mwalimu asimchoree, wala asimcheke. Chini ya picha mtoto aandike jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kiha, na siku aliyouchora. Jina asipolijua, amwulize babu au bibi. Na hapo wazee watapata kazi yao katika somo hili. Mti ule ule uchorwe tena mvua zikiisha kukaza, na tena wakati wa kiangazi, picha zipangwe ukutani kwa kufuatana.

Wazazi watasema kwamba kazi za shamba ni nyingi. Ni kweli. Twaomba saa moja tu ya Jumamosi, mara moja kwa mwezi. Yafaa baba au mama naye aketi achore, hata kama mkono ni mzito kwa jembe. Kwa maana mtoto akimwona mzazi wake akiutazama mti bila kuukadiria mbao zake, amefundishwa neno ambalo ubao wa darasani hauwezi kulifundisha.

Kwaherini hata mwezi ujao.