Gesi Asilia Katika Magari ya Zamani: Unafuu kwa Mkazi wa Turiani Uanzie Kwenye Injini

Na Mwandishi Wetu, Turiani

Mwezi Agosti 2022, bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410 kwa lita. Tangu wakati huo, wenye magari wengi jijini humo wamegeukia gesi asilia iliyoshindiliwa, maarufu kama CNG, ambayo imekuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 1,550 kwa kilo. Wengi wao hawakununua magari mapya, bali walifunga mfumo wa gesi katika magari yaliyokwisha kutembea kwa miaka mingi, huku tangi la petroli likibaki mahali pake.

Magari hayo hayabaki Dar es Salaam daima. Huuzwa, na baadhi huishia katika miji midogo kama Turiani, wilayani Mvomero mkoani Morogoro, chini ya milima ya Nguru, ambako mashamba ya miwa ya Mtibwa na mabonde ya mpunga huhitaji usafiri wa watu na mizigo mwaka mzima. Swali ni hili: je, mtungi wa gesi uliofungwa nyuma ya gari kuukuu utamletea mmiliki wa Turiani unafuu uleule alioupata dereva wa Dar es Salaam?

Hesabu inatoa mwanga. Tuchukue gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja ya petroli, na bei ya petroli iwe shilingi 3,000. Kila kilomita itagharimu shilingi 300. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya takriban lita 1.4 za petroli, hivyo gari hilohilo litakwenda kilomita 14 kwa kilo, sawa na shilingi 110 kwa kilomita. Unafuu ni shilingi 190 kwa kila kilomita. Kama mfumo umefungwa kwa shilingi milioni 2, gharama hiyo itarudi baada ya kilomita zipatazo 10,500 za kutumia gesi.

Dereva wa teksi wa Dar es Salaam anayetembea kilomita 100 kwa siku atazimaliza kilomita hizo kwa muda wa miezi mitatu na nusu. Hali ya Turiani ni tofauti. Kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Magole ni takriban kilomita 300, na mtungi wenye kilo 11 hutosha kilomita 150 hivi. Gari likijazwa gesi Dar es Salaam, mtungi utakwisha kabla halijaiona Turiani. Mmiliki anayesafiri mara moja kwa mwezi na kujaza mtungi mmoja atahitaji karibu miaka sita kurudisha fedha hizo. Siku nyingine zote gari lake litatembea kwa petroli, likiwa limebeba mtungi mzito usio na kitu.

Hapo ndipo umuhimu wa kurekebisha injini unapojitokeza. Gesi asilia na petroli haziungui kwa namna moja. Gesi huungua polepole zaidi, hivyo hutaka cheche ya plagi iwahi kidogo. Kwa upande mwingine, uwezo wake wa kuhimili mgandamizo bila kugonga, yaani kiwango cha okteni, ni zaidi ya 120, wakati petroli ya kawaida ni kati ya 91 na 95. Fundi akiwahisha taimingi ili gari livute vizuri kwa gesi, injini hiyohiyo inaweza kugonga inaporudi kwenye petroli, hasa ikiwa imebeba mzigo na kupanda mlima. Kugonga huko, kukiachwa, hutoboa pistoni.

Katika magari ya zamani yenye distibyuta, suluhisho bora ni kufunga kifaa kinachowahisha cheche wakati wa gesi na kuirejesha wakati wa petroli. Pasipo kifaa hicho, ni lazima kuchagua. Kwa gari la Dar es Salaam linaloshinda kwenye gesi, fundi anaweza kuegemea upande wa gesi kwa kiasi. Kwa gari la Turiani, taimingi ifuate petroli, kwa kuwa ndiyo itakayoliendesha gari siku nyingi. Mmiliki atapoteza nguvu kidogo akiwa kwenye gesi, lakini ataokoa injini.

Utaratibu wa kazi nao una maana kubwa. Injini ipimwe na kurekebishwa kwanza ikiwa kwenye petroli, ndipo gesi ifuate. Mgandamizo wa silinda, nafasi za valvu, kichujio cha hewa, plagi na waya zake, vyote vikaguliwe. Gesi huhitaji umeme mkali zaidi wa cheche. Plagi iliyochakaa, ambayo petroli iliivumilia, itafanya injini ikose moto kwenye gesi na pengine kulipuka kwa kishindo ndani ya njia ya hewa. Katika magari yenye nozeli, kompyuta ya mfumo wa gesi huiga vipimo vya petroli. Kihisio cha oksijeni kikiwa kibovu, kosa la petroli litarithiwa na gesi.

Valvu zinahitaji uangalizi wa pekee. Gesi huingia ikiwa kavu, bila ule ubaridi unaoletwa na petroli inapogeuka mvuke. Kwa injini kuukuu zenye vikalio laini vya valvu, nafasi hupungua taratibu hadi valvu zisifunge sawasawa na kuungua. Aidha, kifaa kinachoshusha shinikizo la gesi kutoka takriban bar 200 za mtungi hupashwa joto na maji ya injini. Rejeta yenye upungufu wa maji huweza kukigandisha. Tangi la petroli nalo lisiachwe tupu, kwa sababu pampu iliyomo ndani yake hupozwa na mafuta hayohayo.

Lipo pia suala la usalama lisilo na mjadala. Gesi ya kupikia inayopatikana madukani Turiani si gesi asilia. Ni mchanganyiko wa propeni na buteni, na shinikizo lake ni dogo mno likilinganishwa na la CNG. Kujaribu kuitumia katika mfumo wa CNG kwa sababu kituo kiko mbali ni kuhatarisha maisha. Vilevile, mtungi wa CNG una muda wake wa ukaguzi na wa mwisho wa matumizi. Anayenunua gari lililotumika adai nyaraka za mtungi kama anavyodai kadi ya gari.

Taifa lina gesi. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara limeifikisha Dar es Salaam. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekwisha kutangaza mpango wa vituo vinavyohamishika, na Morogoro ni miongoni mwa maeneo yaliyotajwa. Gesi ikipatikana Morogoro mjini, hesabu ya mkazi wa Turiani itabadilika, kwani safari zake za kawaida za kwenda mjini zitakuwa pia nafasi ya kujaza mtungi.

Hata hivyo, kituo pekee hakitatosha. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) imekuwa mstari wa mbele katika kufunga mifumo hii. Ujuzi huo unapaswa kuwafikia mafundi wa gereji za wilayani, na vyuo vya VETA vilivyomo mkoani Morogoro, kikiwemo cha Kihonda, vina nafasi nzuri ya kuwa daraja. Fundi wa Turiani anayejua kwa nini taimingi ya gesi haifai kwa petroli ataokoa injini nyingi kuliko tangazo lolote.

Kwa sasa, ushauri kwa mmiliki wa gari ni kupiga hesabu ya kilomita zake za gesi kabla ya kulipia mfumo. Aliye nao tayari aianze kazi kwenye injini, kwa petroli, ndipo auguse mtungi.