Paka mchaguzi asikufanye ukate kidonge cha watoto

Mtu akikuambia kwamba kumpa paka dawa ya minyoo ni kazi rahisi, muulize kwanza paka wake ni wa aina gani. Wapo paka wanaokula chochote kinachoanguka chini ya meza, na kidonge kikapita humo humo katika ugali na omena. Halafu yuko wako: hunusa sahani, hutikisa mguu wa mbele kana kwamba amekanyaga maji, kisha huenda zake akaketi dirishani. Nazungumza leo na wenye paka wa namna hiyo, maana nionavyo mimi wao ndio hushawishika zaidi kutafuta njia ya mkato.

Njia ya mkato yenyewe aghalabu ni kidonge cha minyoo cha watoto kilichobaki kabatini. Hukatwa vipande vinne, kimoja akapewa paka. Msomaji, usifanye hivyo. Levamisoli, ambayo watu wengi wameimeza utotoni, ina nafasi ndogo sana kwa paka kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru. Akizidishiwa hutokwa na mate na kutetemeka. Albendazoli nayo yaweza kuharibu uboho, ambamo damu hutengenezewa. Tena huenda kipande hicho kisiuguse hata mnyoo alio nao.

Kwani ana mnyoo gani? Hilo ndilo swali ambalo wengi hawaulizi wakifika kwenye duka la dawa za mifugo. Chango ni minyoo mirefu ya mviringo, na paka mchanga huipata katika maziwa ya mamaye. Tegu hutambulika kwa vipande mithili ya punje za mchele vinavyoshikamana na manyoya chini ya mkia au kubaki juu ya tandiko. Tegu wa kawaida huingia paka anapojilamba na kummeza kiroboto. Mwingine hutoka kwa panya. Dawa zake hazifanani. Pairanteli huondoa chango na safura lakini haimwezi tegu. Prazikwanteli humuua tegu lakini haigusi chango. Fenbendazoli hutibu mengi, ila tegu wa viroboto huiponyoka. Kwa hiyo ukiwa umeziona zile punje za mchele nawe ukauziwa dawa ya chango pekee, umetupa pesa. Soma jina la dawa lililoandikwa kwenye pakiti, usitosheke na picha ya paka.

Sasa tuje kwa huyu mwenye madaha. Kusaga kidonge na kukichanganya na chakula chote ni mbinu mbaya kwake. Prazikwanteli ni chungu mno, na kidonge kikisagwa uchungu wote hutoka nje. Paka atalamba mara moja, atoe povu mdomoni, na kwa siku kadhaa aishuku kila sahani unayomwekea. Akila nusu, amepata nusu ya dawa, nawe hujui ni nusu ipi.

Rai yangu ni hii: ikiwa paka wako hupigana, nunua dawa ya matone inayowekwa kwenye ngozi ya shingo, nyuma ya kichwa, mahali ambapo ulimi wake haufiki. Ipo inayochanganya emodepsaidi na prazikwanteli, na hiyo hutibu chango, safura na tegu kwa pamoja. Bei yake huzidi ya kidonge, ndiyo, lakini kidonge kilichotemwa chini ya kochi ni ghali zaidi. Tahadhari mbili tu. Matone mengine ni ya viroboto peke yake. Na matone ya mbwa yenye permethrini, ambayo huenda yamepangwa rafu moja na hayo ya paka, yaweza kumuua paka.

Kama mfuko hauruhusu matone, subiri awe na njaa. Mpe kipande kidogo cha samaki kisicho na kitu, kisha cha pili, cha tatu ukifiche kidonge kizima ndani yake, na cha nne kifuate papo hapo kabla hajatafakari. Ikishindikana, mviringishe katika taulo huku mwenzako akimshika, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kidonge kikavu chaweza kukwama kooni na kumchoma.

Wengine watasema haya yote ni mbwembwe kwa mnyama wa kukamata panya. Wenye watoto wasiseme hivyo. Mayai ya chango hutoka katika kinyesi cha paka, hukomaa mchangani kwa wiki kadhaa, na hubaki humo muda mrefu. Mtoto anayechezea rundo la mchanga wa ujenzi uani kisha akaweka kidole mdomoni aweza kuyameza. Viluwiluwi vya mnyoo huo hutembea mwilini, na vikifika jichoni vyaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kuona. Kumtia paka guniani na kumwacha sokoni hakuyaondoi mayai yaliyokwisha kuingia mchangani. Funika mchanga, zoa kinyesi kila siku kabla mayai hayajakomaa, na watoto wanawe mikono.

Kabla ya kununua, mpime uzito: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Paka wachanga huanza dawa wakiwa na wiki tatu hivi, kila baada ya wiki mbili mpaka waachishwe ziwa, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Mkubwa anayewinda apewe kila miezi mitatu. Viroboto navyo vishughulikiwe siku hiyo hiyo, tandiko lifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, la sivyo punje za mchele utaziona tena kabla mwezi haujaisha.